Kikohozi cha Dawa ya Presha

(Maneno yaliyosemwa na kamati ya afya mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka mashambani, walipokuja Kawangware, Nairobi, kutembelea vikundi vya huku.)

Tumesikia kwamba barabara ya Waiyaki iliwashika tangu asubuhi, na wengine mlishuka Kangemi mkatembea. Poleni sana.

Tumeombwa kuzungumza juu ya presha. Habari za chumvi, mafuta na kufanya mazoezi mmekwisha kuzisikia mara nyingi, na zote ni kweli, kwa hivyo leo tutazipita. Tunataka kusema juu ya jambo ambalo watu hulisema wakiwa jikoni tu na hawalisemi kliniki: yale ambayo dawa yenyewe inamfanyia mtu mwilini, hata mwisho anaiacha bila kumwambia yeyote.

Presha ni ugonjwa wa ajabu kidogo. Mtu ana 180 kwa 110 na anapalilia shamba kama kawaida. Haumwi na kitu. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wa Kenya walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima wote walikuwa hawajapimwa hata mara moja. Sasa mtu huyu asiyeumwa anapimwa, anapewa tembe, na baada ya wiki mbili ndipo anaanza kuumwa! Miguu inavimba, au anakohoa, au kila saa anatafuta choo. Yeye akipiga hesabu anaona: kabla ya dawa nilikuwa mzima, baada ya dawa ni mgonjwa, basi ugonjwa ni dawa. Hesabu hiyo si ya mjinga. Lakini inaacha kitu kimoja ambacho hakionekani, yaani damu inayogonga mishipa ya ubongo, moyo na figo usiku na mchana. Siku inapoonekana, inaonekana kwa kiharusi.

Hebu tuanze na kikohozi, maana hicho ndicho kinachotusumbua sana. Majina ya dawa tutayataja kama yalivyoandikwa kwenye pakiti ili mkirudi nyumbani muweze kuyatambua.

Kuna dawa inayoitwa enalapril. Ni dawa nzuri, hutolewa kwa presha na pia kwa watu ambao moyo wao umechoka kusukuma damu. Ndugu zake ni captopril, lisinopril, ramipril na perindopril. Mkiona jina linaishia na -pril mjue ni wa ukoo huo. Katika watu 100 wanaozitumia, vitabu vya madaktari vinataja kati ya 5 na 20 ambao watapata kikohozi kikavu. Hakina makohozi, hakina homa. Ni kama mtu anatekenywa kooni na unyoya, na usiku akilala ndipo kinazidi. Kwa wengine kinaanza katika wiki ya kwanza, na kwa wengine baada ya miezi kadhaa, wakati hakuna tena anayeikumbuka dawa.

Na mambo huwa hivi. Mama anatoka mashambani kuja kumwona binti yake hapa Kangemi au Riruta. Anapimwa, anaonekana ana presha, anapewa tembe za mwezi mmoja au miwili. Anarudi nyumbani na tembe zake ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na jina la dawa. Baada ya muda anaanza kukohoa. Duka la dawa la sokoni linampa dawa ya maji ya kikohozi, haisaidii. Anapewa antibiotiki, haisaidii. Majirani wanaanza kunong'ona kwamba ni kifua kikuu, wengine wanasema mabaya zaidi. Anapelekwa kutoa makohozi, na makohozi yenyewe hayatoki kwa sababu kikohozi ni kikavu. Pesa zimekwisha, kanisani anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Na katika safari hiyo yote hakuna aliyemwuliza: mama, unameza dawa gani? Tumeisikia habari hii kwa watu wengi, wa huku na wa kwenu, hata hatuna haja ya kutaja mtu.

Mwishowe yeye mwenyewe anagundua. Anaacha tembe, na baada ya wiki chache kikohozi kinapoa. Anafurahi! Anaziita sumu na kuzitupa, na hataki tena kusikia dawa yoyote ya presha. Hapo ndipo hatari inapoingia. Kukataa enalapril hakukuwa kosa, maana haikumfaa. Lakini aliondoka bila kupewa dawa nyingine mahali pake, na presha yake ikapanda tena kimya kimya.

Tungependa muelewe kwa nini dawa inaleta kikohozi, kwa sababu mtu akielewa haogopi sana. Habari yenyewe inatoka mbali. Huko Brazili kuna nyoka anayeitwa jararaca. Mtu akiumwa naye, presha inaweza kushuka ghafla mpaka akazimia. Mwaka wa 1949 mwanasayansi wa Brazili, Maurício Rocha e Silva, na wenzake waligundua kitu ndani ya mwili kinachoitwa bradikinini, ambacho kinalegeza mishipa ya damu. Katika miaka ya 1960 mwanafunzi wake, Sérgio Ferreira, akaonyesha kwamba sumu ya nyoka huyo ina kitu kinachoizuia bradikinini isivunjwe upesi. Maarifa hayo yaliwasaidia wataalamu kutengeneza captopril, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka wa 1981, na enalapril ikafuata miaka michache baadaye. (Tafadhali msirudi nyumbani kutangaza kwamba dawa ya presha ni sumu ya nyoka! Tembe hutengenezwa kiwandani na hazina sumu hiyo. Ni wazo tu lililotoka kwa nyoka.)

Basi dawa za ukoo huu zinaufanya mwili usitengeneze kitu kinachokaza mishipa, na pia zinaiacha ile bradikinini ikae mwilini zaidi. Ikikaa kwenye mishipa ya damu inasaidia. Ikikaa kwenye njia ya hewa inatekenya, na mtu anakohoa. Kwa hivyo kikohozi si dalili kwamba dawa ni bandia. Enalapril halisi kabisa, hata ile iliyopimwa ubora katika maabara ya MEDS, lile shirika ambalo makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti yalilianzisha pamoja mwaka wa 1986 kuzinunulia dawa hospitali za misheni, inaweza kumletea mtu kikohozi.

Na kikohozi hicho hakitulizwi na dawa ya kikohozi. Msitupe pesa hapo. Kinachotakiwa ni kurudi kliniki na kusema: nimeanza kukohoa tangu nilipopewa tembe hizi. Daktari akiona ni kweli, ataiondoa na kuweka nyingine, mara nyingi losartan, ambayo inafanya kazi karibu sawa lakini haichezi na bradikinini namna hiyo. Kikohozi huisha baada ya wiki moja mpaka nne, ingawa kwa wengine huchukua hata miezi mitatu, kwa hivyo msikate tamaa siku ya tano.

Lakini tafadhali tusikilizane hapa. Hatujasema kwamba kila anayemeza enalapril na kukohoa amepona kifua kikuu kabla ya kupimwa. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi lazima kichunguzwe, hasa kama mtu anakonda, anatokwa na jasho usiku au anatema damu. Tunachosema ni kwamba bahasha ya dawa iende pamoja naye, awekewe yote mezani.

Kuna jambo jingine la ukoo huo wa -pril ambalo ni nadra, halifiki hata mtu mmoja katika 100, lakini sisi Waafrika linatupata zaidi kuliko Wazungu, mara tatu au nne hivi. Ni kuvimba midomo, ulimi, uso au koo. Linaweza kuja wiki ya kwanza na linaweza kuja baada ya miaka. Likitokea, si jambo la kungoja kupambazuke wala la kuchemsha majani. Koo likifunga, mtu anakufa. Tafuta gari, tafuta bodaboda, fika hospitali iliyo karibu usiku huohuo. Na mtu huyo asipewe tena dawa ya ukoo huo maisha yake yote. Andikeni kwa herufi kubwa kwenye jalada la kitabu chake cha kliniki, kwa sababu nesi wa zamu nyingine hawezi kujua.

Sasa tugeukie miguu. Wengi wenu mmepewa amlodipine, na wengine nifedipine. Amlodipine inawafaa sana watu wetu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019, uliofanywa kwa wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwa ndani, ulionyesha kwamba amlodipine ikiunganishwa na tembe ya maji, au na perindopril, inashusha presha vizuri zaidi kuliko perindopril na tembe ya maji bila amlodipine. Kwa hivyo mkipewa hiyo msinung'unike. Lakini inavimbisha vifundo vya miguu, hasa kwa kina mama, hasa jioni, na zaidi mtu akimeza ya 10 kuliko ya 5. Viatu vya Jumapili vinakataa kuingia. Watu wanaona miguu na kusema figo zimekufa, au amekanyagishwa kitu na jirani.

Hakuna aliyemtegea. Dawa inafungua mishipa midogo inayoleta damu miguuni, na maji kidogo yanavuja kwenye nyama ya mguu. Kuinua miguu juu ya kigoda jioni kunasaidia kidogo. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kuongeza dawa nyingine inayotuliza uvimbe. Hapa tena lazima mtu aonekane, maana miguu inavimba pia kwa moyo uliochoka na kwa figo. Kama anahema akipanda mlima mdogo, au hawezi kulala bila mito mitatu, au uso umevimba asubuhi, asiseme ni amlodipine tu. Aende upesi.

Tembe za maji hatutakaa sana juu yake. Zinaitwa hydrochlorothiazide, nyingine ni furosemide, na kazi yake ni kukukojoza, ndiyo maana zinasaidia. Shida ni siku ya safari. Mama wa hapa Kawangware anayekwenda Marikiti kuchukua mboga anapanda matatu ya 46 alfajiri, foleni inamshika njiani, na akifika mjini choo ni cha kulipia. Anachofanya ni kuruka tembe siku za soko, na siku za soko ni nne kwa wiki! Mmoja alipomweleza nesi, walikubaliana ameze akirudi mchana badala ya kuruka. Mambo yaliisha kwa maneno mawili. Ila mtu akisikia misuli inakaza sana, au kizunguzungu akisimama, au akipatwa na kuharisha na kutapika, aende aangaliwe, kwa sababu maji na chumvi za mwili zinaweza kupungua kupita kiasi.

Kina baba, tunawageukia ninyi. Tunajua kwa nini wengine wenu mliacha. Baadhi ya dawa, kama atenolol na zile tembe za maji, zinaweza kupunguza nguvu za mume nyumbani. Presha yenyewe nayo inapunguza, na sukari pia. Mzee hawezi kumwambia nesi msichana wa umri wa binti yake, na mke anafikiri bwana ana mwingine. Nyumba inaingia baridi kwa sababu ya tembe moja. Baba, omba kuzungumza na daktari au klinisheni mwanamume, useme tu: dawa hii imenibadilisha. Ataelewa, si wewe wa kwanza leo. Ziko dawa nyingine. Lakini atenolol na propranolol usiziache ghafla hata siku moja kwa shauri lako mwenyewe, maana moyo unaweza kushtuka, ukaumwa kifua vibaya. Zinapunguzwa polepole na aliyekuandikia. Na mwenye pumu aseme mapema kabla ya kupewa hizo, kwa sababu zinaweza kumbana kifua.

Kina dada walio katika umri wa kuzaa, neno moja tu lakini ni zito. Enalapril na ukoo wake, na losartan na ukoo wake, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, figo zake hasa. Ukiona umepitisha mwezi, au unatafuta mtoto, nenda kliniki mara moja ubadilishiwe. Zipo za wajawazito, kama methyldopa na nifedipine. Usiache zote ukakaa bila kitu, kwa maana presha ya mimba inaua mama.

Yako mengine yanayoletwa na dawa za pembeni. Mtu wa presha anaumwa mgongo, anakwenda dukani, anapewa diclofenac au brufen, anameza kila siku kama karanga. Hizo zinapandisha presha, na zikikutana na enalapril au losartan na tembe ya maji kwa wakati mmoja zinaweza kuharibu figo, zaidi kwa wazee. Kwa maumivu ya kawaida panadol inatosha mara nyingi. Unaponunua dawa yoyote, hata mjini River Road ambako maduka yamejaa, anza kwa kusema: mimi niko kwenye dawa ya presha. Pia kuna wanaobandua nifedipine na kuiweka chini ya ulimi wakisikia kichwa kinauma, ili presha ishuke haraka. Tangu miaka ya 1990 madaktari wameonya juu ya jambo hilo. Presha inaporomoka ghafla, ubongo na moyo vinakosa damu, na mtu anapata kile kiharusi alichokuwa akikikimbia.

Tumeulizwa pia juu ya wanaoambiwa kwenye mikutano ya maombi waache tembe kama dalili ya imani. Sisi tunaomba, na tunawaombea wagonjwa kila Jumapili. Tena Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Aliyeombewa na aende apimwe. Ikiwa presha imeshuka, daktari ndiye atakayepunguza dawa, na sisi tutamshukuru Mungu pamoja naye. Kutupa tembe chooni kabla ya kupimwa hatuwezi kukuungia mkono, hata anayekuambia awe nani.

Sasa vikundi vyenu vinaweza kufanya nini? Mnakutana kila wiki au kila mwezi kwa michango. Mnajuana, na mnajua nani amekosa kuja na kwa nini. Jambo la kwanza tunaloomba ni bahasha. Kila mwanachama mwenye presha, au mwenye mzazi wa presha, alete dawa zake siku ya mkutano, na katibu amsaidie kuandika kwenye kitabu jina la kila dawa, kipimo, na siku alipoanza. Bahasha ikiwa haina jina, arudi aliponunua au alipopewa aandikiwe. Ni haki yake. "Ile nyeupe ndogo" si jina la dawa. Tembe nyeupe ndogo ziko mia.

Kisha muulizane, bila kuchekana, nani ameacha dawa na ilimfanya nini. Mtashangaa. Kikundi kimoja cha huku kilipouliza hivyo kwa mara ya kwanza, mikono iliinuka mmoja mmoja kwa woga, halafu yote pamoja. Kazi ya kikundi hapo si kumbadilishia mtu dawa, wala kumpa ya jirani kwa sababu imemfaa jirani. Kazi ni kumsindikiza. Anayeogopa kusema mbele ya daktari aende na mwenzake atakayesema naye. Wengine mmepata kutoa nauli kutoka mfuko wa kikundi kwa ajili ya mazishi. Toeni na ya kliniki, ni ndogo kuliko ya mazishi.

Wako pia wahudumu wa afya wa jamii. Septemba 2023 serikali iliwatuma kutoka bustani ya Uhuru hapa mjini, watu 100,000 nchi nzima, na mabegi yenye vifaa, mashine ya presha ikiwa ndani. Mwalikeni wa kijiji chenu kwenye mkutano apime kila mtu. Ikiwa dawa imemdhuru mtu vibaya, mwambieni nesi au mwenye duka la dawa ajaze fomu ya manjano ya Bodi ya Dawa na Sumu. Bodi hiyo ofisi zake ziko Lenana Road, na imekuwa ikikusanya habari hizo nchi nzima tangu 2009. Kuna na fomu ya rangi ya waridi, ya dawa zinazoshukiwa kuwa mbovu: zimebadilika rangi, zinavunjika kama unga, au hazifanyi kazi. Watu hudhani fomu hizo ni za kushtaki. Si za kushtaki mtu. Ndizo zinazowafanya wakubwa wajue kwamba dawa fulani inawasumbua watu wa Vihiga au wa Machakos, na wasipoandikiwa hawajui.

Tumesema mengi na chai inapoa. Mashine mbili za kupimia ziko kwenye meza ile karibu na mlango. Wazee watangulie. Mtu akae kitako dakika tano kwanza, asizungumze, miguu isipishane, na asipimwe akiwa ametoka tu kunywa chai au akiwa amebanwa na mkojo, kwa maana namba zitadanganya. Aliyekuja na bahasha yake aje nayo mezani, tutaandika majina pamoja.